Bati la Göppingen

Mkusanyaji mzoefu akikabidhiwa injini ya kuchezea ya bati yenye umri wa miaka mia moja, haanzi na sura yake. Anaipindua. Anataka kuona tumbo, kwa sababu tumboni ndiko kiwanda kilikoiacha kazi yake bila mapambo, na ndiko mtu aliyeikarabati baadaye husahau kuficha mkono wake. Anatafuta ndimi ndogo za bati zilizopenyezwa kwenye mipasuko na kukunjwa ili kushikanisha vipande viwili. Ulimi wa namna hiyo ulikusudiwa kukunjwa mara moja tu. Ukikunjuliwa na kurudishwa, rangi hupasuka pale mkunjoni, bati huchoka, na alama nyembamba hubaki hapo daima. Kisha anazitazama skrubu. Vichwa vyake vina mfuo mmoja ulionyooka au vina msalaba? Skrubu za msalaba ziliingia viwandani miaka ya 1930. Ukiikuta moja kwenye injini ya mwaka 1910, ujue kuna aliyepita hapo. Anahesabu spoki za magurudumu. Analinganisha rangi ya chini ya fremu na ya juu, aone kama zimezeeka pamoja. Mwisho kabisa anaigeuza injini na kuitazama usoni.

Uchunguzi huo unaweza kuchukua saa nzima bila neno kusemwa, nami naupenda kwa moyo wote. Wengi hudhani kukusanya treni za kale ni habari ya fedha na rafu: mwenye nazo ananunua, anapanga, anafunga kabati la kioo. Fedha zinahitajika, sikatai. Lakini wakusanyaji ninaowastahi wamejifunza kazi ya mafundi waliokwisha kufa, hata wanaweza kuwafuata hatua kwa hatua tangu karatasi ya bati hadi mstari wa mwisho wa dhahabu. Tena wamejifunza jambo gumu kuliko hilo, nalo ni kuizuia mikono yao wenyewe.

Göppingen ni mji wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani, katika bonde la mto Fils. Reli ya kutoka Stuttgart kwenda Ulm ilifika hapo mwaka 1847. Mwaka 1859 fundi bati wa mji huo, Theodor Friedrich Wilhelm Märklin, alianza kutengeneza vyombo vya jikoni vya nyumba za wanasesere: majiko, sufuria na mabirika ya kutosha kiganjani. Aliyewahi kukaa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, akamtazama fundi akikata kopo, akikunja kingo zake na kuzitia risasi mpaka likawa koroboi isiyovuja, tayari anaufahamu msingi wa kazi ya Märklin. Mkasi wa bati, nyundo ya mbao, mkunjo uliobana, tone la risasi iliyoyeyuka mahali pake hasa. Kilichoongezeka Göppingen ni rangi, na muda mrefu usio wa kawaida uliotumika kwa kitu ambacho mtoto angekigongesha ukutani.

Märklin alifariki mwaka 1866. Mjane wake, Caroline, hakuifunga karakana. Alisafiri kusini mwa Ujerumani na Uswisi akitafuta wanunuzi, enzi ambazo mwanamke kusafiri kwa biashara lilikuwa jambo la kustaajabisha. Bila yeye kusingekuwa na chochote cha kukusanya leo, na ninadhani jina lake lilistahili kutajwa mara nyingi kuliko linavyotajwa. Mwaka 1888 wanawe waliisimamisha upya biashara kwa jina la Gebrüder Märklin, na mwaka 1891 wakanunua karakana ya Ludwig Lutz wa Ellwangen, ambaye vitu vyake vya bati vilisifika kwa wepesi na uzuri. Mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, walionyesha treni ya ufunguo ikizunguka juu ya reli zenye umbo la nane.

Treni za kuchezea zilikuwapo kabla ya hapo. Nyingi zilisukumwa sakafuni bila reli yoyote. Jambo jipya la Leipzig lilikuwa utaratibu: reli zilikuwa za vipande vinavyoungana, upana wake ulipewa namba, na kila behewa la namba hiyo lilikubaliana na kila reli ya namba hiyo. Mtoto aliyepewa injini na duara la reli Krismasi hii angeweza kuongezewa behewa Krismasi ijayo, kisha stesheni, kisha daraja, kisha njia panda. Märklin waliijua vizuri biashara ya namna hiyo kutokana na majiko ya wanasesere, ambako sufuria moja huita nyingine. Kwa hiyo tamaa ya kukusanya haikuletwa na wazee wa minadani. Iliumbwa ndani ya kitu chenyewe tangu siku ya kwanza, na mkusanyaji wa kwanza alikuwa mtoto anayesubiri Desemba.

Namba hizo ndizo zinazotumika mpaka leo. Namba 1 ndiyo tunayoipima milimita 45 kati ya kingo za ndani za reli. Namba 0, iliyokuja baadaye na kutawala vyumba vya watu kwa miongo mingi, ni milimita 32. Zamani Märklin walipima kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine, na jambo hilo dogo limeacha mkanganyiko mkubwa. Huko New York, Joshua Lionel Cowen, aliyeanzisha kampuni ya Lionel mwaka 1900, alitoa mwaka 1906 reli za upana wake mwenyewe, inchi 2 na 1/8, akaziita Standard, kana kwamba nyingine zote ndizo zimekosea. Wakusanyaji husimulia kwamba alikisoma kipimo cha namba 2 cha Märklin akadhani ni cha ndani. Hesabu inawaunga mkono: milimita 54 za katikati kwa katikati kule Ujerumani, milimita 54 za ndani kwa ndani kule Marekani.

Sasa turudi kwenye injini yenyewe, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Kazi ilianza na karatasi ya chuma chembamba iliyopakwa bati pande zote mbili ili isishike kutu na ili risasi ishike vizuri. Vipande vilikatwa kwa vibao vya chuma na mashine ya kugandamiza. Tangi la mvuke lilikuwa karatasi iliyozungushwa ikawa bomba, mshono ukawekwa chini usionekane. Dohani, kuba za mvuke, vishikizo vya pembeni, taa za mbele, kila kimoja kilitengenezwa peke yake na kuunganishwa kwa risasi. Ukiichungulia injini nzuri ya miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kioo cha kukuzia, risasi haionekani ila kwa ndani, nayo ni kidogo. Fundi asiyejiamini hutia nyingi, kisha anakwangua. Aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini aliacha ile inayotosha tu, akaendelea na kipande kinachofuata.

Kisha rangi. Märklin wa miaka hiyo walipaka kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, na rangi ikakaushwa kwa joto mpaka ikawa ngumu na yenye kina. Kijani chao cheusi-cheusi, nyekundu ya magurudumu, weusi wa dohani: rangi hizo zina mng'ao ambao dawa za makopo ya kupulizia za leo haziupati, kwa kuwa mwanga unapita kwenye tabaka la vanishi, unagonga rangi iliyo chini yake, unarudi umelainika. Juu ya rangi ikaja mistari, ya dhahabu, nyekundu au njano, iliyochorwa kwa brashi ya nywele chache. Mstari uliochorwa kwa mkono una mwanzo na mwisho. Pale brashi ilipogusa kwanza ni mnene kidogo, halafu unakonda, na kwenye kona mkono umesita. Mistari ya upande wa kushoto wa injini hailingani kabisa na ya upande wa kulia. Tofauti ni ndogo mno, lakini ipo, na mkusanyaji hufurahi akiiona, kwa sababu mistari iliyolingana kikamilifu pande zote mbili ni ya kutiliwa shaka.

Nuremberg walikwenda njia nyingine. Kampuni ya Bing, iliyokuja kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya vitu vya kuchezea duniani, na Georges Carette, Mfaransa aliyeweka kiwanda chake katika mji huohuo, walitumia sana chapa ya litografia. Rangi zote, mistari, madirisha, hata vichwa vya ribiti, vilichapwa kwenye bati likiwa bado bapa. Kisha likakatwa na kukunjwa. Kuna watu hulidharau bati la chapa wakiliona ni njia ya mkato. Mimi siwaungi mkono. Mchoraji wa Nuremberg alilazimika kuliona behewa zima kichwani mwake likiwa limelazwa bapa, ajue mkunjo utapita wapi, mlango utageukia upande gani, ili baada ya kukunjwa mstari wa ubavuni ukutane na mstari wa nyuma bila kuachana hata unywele. Tena bati la chapa halisamehi. Rangi ya brashi iliyochubuka inaweza kuzibwa na mtu mwenye ustadi. Chapa iliyokwanguka haizibiki, kwa kuwa rangi zake zimepangwa kwa nukta na tabaka ambazo hakuna brashi inayoweza kuziiga chini ya kioo. Ndiyo maana behewa la Carette lisilo na mkwaruzo humfanya mtu ashushe pumzi.

Ndani ya tumbo kuna mtambo. Aina iliyoenea kuliko zote ni ya ufunguo: springi ya chuma iliyojiviringisha, magurudumu ya meno ya shaba, na kidhibiti kinachoizuia springi isiitupe nguvu yake yote kwa mara moja. Injini za bei zilikuwa na vipini ndani ya kibanda cha dereva, kimoja cha breki na kingine cha kurudi nyuma. Nyingine zilikuwa za mvuke wa kweli, na taa ya spiriti ikiwaka chini ya tangi la maji. Hizo zina historia iliyoandikwa kwa moto: iliyowahi kuwashwa ina rangi iliyobabuka chini ya tangi, na ambayo haijawahi kuwashwa ni adimu sana, kwani ni mtoto gani angezuiwa? Umeme nao uliingia mapema, kwa namna ambayo leo ingempeleka mwenye duka mahakamani, reli zikipewa nguvu ya umeme wa nyumba kupitia balbu ya taa ili kuupunguza. Märklin walihamia mfumo wa volti 20 mwaka 1926. Wakusanyaji wenye busara wanazo injini za kabla ya hapo, na wanaziacha rafuni.

Stesheni zao ndizo zinazoniteka kupita hata injini. Za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na vioo vya rangi madirishani, saa, mabango, benchi za abiria, na ndani yake kishikio cha mshumaa ili jioni madirisha yawake. Fikiria: bati lililopakwa rangi kwa mkono, na moto ndani yake. Zilizobaki zina masizi kwenye dari, na mwenye kuelewa hayafuti.

Viwanda hivi viliuza nchi za nje tangu mwanzo. Injini ileile ingepewa rangi za kampuni ya reli ya Uingereza au ya Ufaransa, au kuwekewa chuma cha mbele cha kusukuma ng'ombe njiani iende Marekani. Duka la Gamages la London liliuza treni nyingi za Kijerumani. W. J. Bassett-Lowke wa Northampton alikutana na watu wa Bing kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, wakakubaliana kwamba watamtengenezea injini zinazofanana kweli na zile Waingereza walizoziona kila siku stesheni. Kwa hiyo kuitambua treni ni kujua pia ilitumwa wapi. Injini yenye umbo la Nuremberg, maandishi ya reli ya Kiingereza na jina la muuzaji wa Northampton haina kasoro yoyote; ndivyo ilivyozaliwa.

Uadimu ulikuja kwa njia nyingi, na ya kwanza ni ya heri: watoto walizichezea. Ya pili ni vita. Mwaka 1914 biashara kati ya Ujerumani na Uingereza ilikatika, na kiwanda cha Carette kikafungwa mwaka 1917. Bing walianguka wakati wa msukosuko wa uchumi, mwaka 1932. Kwenye Vita vya Pili chuma kilitakiwa kwa silaha, masanduku ya darini yakatolewa yakayeyushwe, na viwanda vyenyewe vikageuzwa. Lionel waliacha kutengeneza treni mwaka 1942. Krismasi ya 1943 hawakuwa na kitu cha kuuza ila treni ya karatasi ngumu, vipande vya kukata na kukunja nyumbani, kazi iliyowashinda akina baba wengi. Karibu zote ziliishia kwenye takataka. Leo seti ambayo haikuguswa, vipande vyote vikiwa bado kwenye karatasi zake, ni ya kuwindwa, na kwangu mimi ndiyo ushahidi mzuri kwamba thamani hapa haiko kwenye malighafi.

Nyingine ni adimu kwa kuwa hazikupendwa. Mwaka 1957 Lionel walitoa treni ya wasichana: injini ya waridi, behewa la zambarau hafifu, jingine la njano ya siagi, la mwisho buluu ya anga. Wasichana waliotaka treni walitaka treni inayofanana na treni. Seti zilikaa madukani. Miaka ikapita, na kwa sababu zilizouzwa zilikuwa chache, zikawa za kutafutwa sana, na waghushi wakaanza kuchukua injini nyeusi za aina hiyohiyo na kuzipaka waridi.

Hapo ndipo jicho la mkusanyaji linapolipwa. Rangi ya kughushi hujificha vizuri mchana. Chini ya taa ya urujuanimno, rangi nyingi za kisasa hung'aa kwa namna tofauti na za zamani, na kiraka kilichozibwa juzi hujitokeza mahali ambapo jicho tupu halikuona kitu. Lakini taa ni msaidizi tu. Mwenye uzoefu huangalia mahali ambapo rangi ya kiwandani haikufika: ndani ya tundu la skrubu, nyuma ya kishikizo, chini ya ulimi uliokunjwa. Aliyepaka upya bila kuibomoa injini ameacha kingo za rangi kuzunguka vitu vidogo. Aliyeibomoa ameacha ndimi zilizochoka. Huangalia pia uchakavu wenyewe kama una akili. Rangi huisha pale vidole viliposhika, juu ya kibanda na ubavuni karibu na tundu la ufunguo, na kwenye kona zilizogonga chini injini ilipopinduka kwenye kona ya reli. Uchakavu ulioenea kila mahali kwa usawa ni kazi ya msasa.

Na baada ya kujua yote hayo, akishapata injini ya kweli, afanye nini nayo? Kidogo sana. Vumbi huondolewa kwa brashi laini iliyokauka. Uchafu mzito hujaribiwa kwanza chini, mahali pasipoonekana, kwa pamba yenye unyevu kidogo, kwa sababu kuna rangi za zamani zinazotoka na maji na kuna vanishi zinazofifia kwa sabuni. Kutu iliyo hai hutulizwa kwa mafuta mepesi yanayopakwa kwa ncha ya kijiti. Mtambo wa springi, ambao grisi yake imeganda kwa miongo, huoshwa taratibu, hukaushwa, hupewa tone moja la mafuta kwenye kila ekseli, na kamwe si kwenye meno, ambako yangekusanya vumbi. Kisha basi. Pale rangi ilipochubuka hadi bati panaachwa palivyo. Kwenye mnada injini yenye rangi yake ya asili iliyochakaa huishinda kwa mbali ileile iliyopakwa upya ikang'aa, na kwa mara hii soko limeelewa vizuri. Tabaka la Göppingen likifunikwa, mstari wa yule mchoraji aliyesita kwenye kona umekwenda, na hakuna anayeweza kuurudisha.

Chama cha wakusanyaji wa Marekani, Train Collectors Association, kilichoanzishwa Pennsylvania mwaka 1954, kimeweka ngazi za kupima hali ya treni, kuanzia iliyochakaa sana hadi ile ambayo ni kama imetoka dukani leo. Uingereza wana chama cha wakusanyaji wa treni za Hornby tangu 1969. Ngazi hizo zimeokoa urafiki mwingi kati ya wauzaji na wanunuzi walio mbali. Hata hivyo ngazi hupima kilichobaki tu, hazisemi kama vipande vilianza pamoja. Treni za kwanza kabisa za Hornby, za mwaka 1920, zilitengenezwa Liverpool na Frank Hornby kwa mtindo wa Meccano, seti yake ya vipande vya chuma vya kuunganisha, kwa nati na bolti, ili mtoto aweze kuifungua treni na kuiunga tena. Huwezi kuzisoma kwa ndimi za bati. Kipande chochote kingeweza kubadilishwa na kingine cha rafiki wa mtaani, na mkusanyaji wa Hornby hizo hujifunza kutambua vivuli vya rangi vya mwaka kwa mwaka, ili ajue kama tenda, yaani kibehewa cha makaa na maji, na injini ziliwahi kulala sanduku moja.

Upo ugonjwa mmoja ambao kuzuia mikono hakuutibu. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930, viwanda viliacha chuma cha kumimina na bati kwa baadhi ya vipande vikatumia aloi ya zinki, ambayo huingia kwenye kalibu kwa urahisi na kutoa umbo safi: magurudumu, fremu, hata miili mizima. Aloi hiyo inadai usafi. Risasi ikiingia, hata chembe, humomonyoa mipaka kati ya fuwele za zinki kutoka ndani, na unyevu na joto huharakisha. Kwanza gurudumu huvimba kidogo, injini ikaanza kukwama kwenye njia panda. Kisha nyufa nyembamba zisizo na mpangilio. Kisha kipande huvunjika kikiguswa. Wajerumani huuita tauni ya zinki. Magurudumu ya Hornby ya miaka ya 1930 yanajulikana kwa hilo, na vipande vya Märklin na Lionel vya muongo huo havikusalimika. Jina la tauni limewatia hofu wengi, wakitenga injini yenye nyufa isiziambukize nyingine. Haiambukizi. Kosa lilimiminwa pamoja na chuma siku ileile kiwandani, na injini mbili zilizofuatana kwenye meza ya fundi zinaweza moja kuwa nzima hata leo na nyingine ikawa makombo.

Hakuna dawa. Kuna chumba kikavu chenye joto lisilobadilika, na kuna uamuzi. Gurudumu likivunjika, mwenye injini anaweza kuiweka bila gurudumu, au kuagiza jipya lililomiminwa kwa kalibu ya lile la zamani. Wengi hufanya hili la pili, nami nakubaliana nao, kwa sharti moja: makombo ya zamani yawekwe kwenye mfuko wenye maandishi, na mfuko ukae ndani ya sanduku la injini.

Je, ziendeshwe? Wapo wanaokataa kabisa. Mimi niko upande wa wanaoendesha, kwa kiasi. Miaka ya 1930 Märklin walitengeneza mfano wa Krokodil, injini ya umeme ya reli za Uswisi ya aina ya Ce 6/8 II iliyovuta mizigo mlima Gotthard, yenye pua mbili ndefu zilizounganishwa na kibanda katikati kwa bawaba. Ukiiona rafuni utasifu rangi yake. Lakini ikiingia kwenye kona ndipo pua ya mbele inapogeuka kabla ya kibanda, vyuma vya magurudumu vikipanda na kushuka, na pua ya nyuma ikafuata kwa kuchelewa. Aliyebuni bawaba zile alibuni mwendo huo. Asiyewahi kuuona ameiona nusu ya kazi. Basi mara chache kwa mwaka, reli zikiwa safi na mafuta yakiwa mapya, dakika chache zinatosha. Na ile ya ufunguo iachwe imalize springi yake yote kabla ya kurudi rafuni, chuma kisikae kimejikaza miezi.

Makusanyo haya huvunjika mwenyewe akifa. Machache huhifadhiwa pamoja: Göppingen kuna makumbusho ya kampuni yenyewe, Strasburg katika Pennsylvania kuna ya chama cha Marekani, na makumbusho ya New York Historical yana mkusanyo wa Jerni, wenye treni na vitu vya kuchezea vya bati vya tangu katikati ya karne ya 19, stesheni za Märklin zikiwamo. Mengi hupita mnadani, yakagawanyika tena kwa watu wasiojuana. Ndiyo sababu mkusanyaji mzuri hutunza daftari. Kila injini ina ukurasa wake: ilitoka wapi, tarehe, picha za tumbo na ubavu, ulimi upi ulikuwa umekunjuliwa kabla haijafika kwake, gurudumu lipi ni jipya na nani alilimimina, mafuta gani yalitumika. Anaandika pia aliyoyashuku bila kuthibitisha, kwamba huenda dohani si ya asili, kwamba kivuli cha tenda kinatofautiana na cha injini. Daftari hilo hupunguza bei ya vitu vyake mwenyewe, kwa kuwa linataja kila kasoro ambayo mnunuzi asingeigundua, na huandikwa hivyo kwa makusudi, kwa kalamu ya wino, na kuuzwa pamoja na treni.